Mkulima Anayelionea Wivu Shamba Lake Mwenyewe

Yote yatakayosomwa hapa ni kweli tupu, haki ya nani. Mwandishi ameyaona, ameyasikia, na mengine ameyakalia, maana kiti alichokaribishwa kilikuwa gunia la mbegu. Na ikitokea humu ukapatikana uongo, hata wa ukubwa wa punje, mwandishi ameahidi mbele ya wahusika wote kwamba atashika panga na kukata fiwi mstari mzima, kutoka njiani mpaka kisimani. Ni mstari mrefu. Mwongo hawezi kuahidi hivyo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamume wa makamo, mwenye mabuti ya mpira yaliyochanika kisigino, amechuchumaa kwenye mpaka wa shamba lake. Jembe liko begani, halijagusa udongo bado. Anaanza na kazi anayoanza nayo kila siku: kuona wivu.

Majirani wanamwita Ufagio. Shambani kwake hakuna jani lililoanguka likalala. Analima, anapalilia, anakusanya mabua na magugu, anachoma, kisha anapitisha reki mpaka ardhi inakuwa kama sebule ya watu wanaosubiri wageni.

Upande wa pili wa mpaka ni shamba la dada yake. Kule huoni udongo. Chini ya mahindi kumetandazwa majani makavu, yamelaliana kama mkeka uliosukwa na mlevi, na katikati ya mistari fiwi changa zimeanza kutambaa. Mvua imekata wiki kadhaa sasa, lakini mahindi ya Dada yamesimama wima, majani mapana, rangi ya kijani iliyokolea. Ya Ufagio yamejikunja kama sigara.

"Unaangalia nini tena?" mke wake anamuuliza, akimletea chai shambani.

"Naangalia mpaka."

"Mpaka haujahama tangu marehemu baba yako aupime."

"Haujahama. Lakini unanicheka."

Leo ana sababu ya kutotulia. Mama yake mzazi, ambaye miguu imemgomea kulima, ana kipande chake cha shamba pale chini karibu na kisima, kizuri kuliko vyote. Ametangaza kwamba leo atatembea peku kwenye mashamba ya watoto wake wote wawili. Udongo utakaozipendeza nyayo zake, mwenye udongo huo ndiye atakayelima kipande cha kisimani kuanzia msimu ujao.

"Mama haamini macho," Ufagio anaeleza huku akipuliza chai. "Anasema macho yanadanganywa na usafi. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anavua ndala, anakanyaga, anasema panda hapa, pale acha. Baba alikuwa mtu wa macho. Baba angenipa mimi."

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo. Baba yao alipenda shamba safi, na mtoto aliyelisafisha ndiye aliyesifiwa mbele ya wageni. Ufagio alisifiwa mpaka akaota mabega. Dada, mkubwa wake kwa miaka miwili, alikuwa wa kupika na kuchota maji. Akaolewa, akaenda mbali. Miaka ikapita, akarudi mjane, mkononi begi moja na mfuko wa mbegu za fiwi.

Fiwi ni jamii ya maharage, inatambaa. Dada huipanda katikati ya mahindi mahindi yanapofika magotini. Mahindi yakivunwa, fiwi inabaki shambani peke yake, inatanda kila mahali na kuufunika udongo wakati wote wa kiangazi. Nyingine anachuma, anakula na kuuza. Mvua zikikaribia anaikata na kuiacha palepale ilale. Halafu halimi. Anatoboa mashimo tu kati ya majani na kutia mbegu ya mahindi. Mazao ya namna hii maofisa kilimo wanayaita mazao funika.

"Niliyakuta kwa wakwe zangu," anasema Dada, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Udongo ukiuacha uchi juani, unapasuka. Mvua ikija inaupiga makofi, maji yanakimbia nao. Ukiufunika unatulia. Na mizizi ya fiwi ina vinundu, vinatengeneza mbolea humohumo. Mimi sijasoma sana, lakini nikichimba naona."

Na mwandishi aliona. Dada aliinua majani kwa vidole, akachota udongo mweusi wenye unyevu, ukamwagika kiganjani kama machicha ya chai. Ndani yake alitoka nyungunyungu mrefu kama mkanda wa suruali, mnene, ana haraka zake, akarudi chini bila kuaga. Kweli tupu.

Mwaka wa kwanza Ufagio alicheka mpaka akakaa chini. Alimbandika dada yake jina la Mama Vichaka, likashika. Kuku wa jirani aliingia kwenye zile fiwi akatafutwa mpaka akasahauliwa, siku moja akatoka na vifaranga. Kijiji kizima kilicheka.

Kicheko kilianza kumwisha mvua zilipoanza kuja kwa hasira na kukata kwa kiburi. Shamba la Ufagio, lililokuwa likimpa magunia kumi na moja wakati wa baba yake, msimu uliopita lilimpa manne. Maji yamelichimba mfereji katikati. Juu ya udongo kumefanyika gaga gumu, ukiligonga kwa jembe linalia. Na hapo hapo wageni wakaanza kuja na mabuti mapya na kamera.

"Wanapita mlangoni kwangu," anasema Ufagio. "Wananisalimia vizuri. Nadhani wamekuja kwangu. Halafu wanauliza, 'Samahani mzee, kwa Mama Vichaka ni wapi?' Mimi niwe kibao cha kuelekeza njia!"

"Na unawaelekeza?"

"Kwa kidevu. Kuna siku niliwaelekeza machinjioni."

Kisha likaja jambo la kiangazi kilichopita. Fiwi za Dada, zilizokuwa zikitanda bila kuulizwa, zilivuka mpaka. Ufagio akaona amepata. Alimfuata mwenyekiti wa kijiji akashtaki uvamizi. Mwenyekiti akasema atakuja akipata nafasi.

Ufagio hakuzembea. Kila fiwi iliyovuka aliikata, akailaza upande wake kwa mistari, kufuata mpaka wote, ili mwenyekiti akija aone uvamizi ulivyokuwa mkubwa. Dada akatuma nyingine, naye akakata, akalaza. Aliuita ushahidi. Hakuruhusu mtu aukanyage, mbuzi ausogelee, wala moto upite karibu.

Mvua zikaja, mwenyekiti hakuja. Ufagio akalima shamba lake lote isipokuwa ule ukanda.

"Alinikataza nisiutie jembe," anasema mke wake, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. "Kwamba nitaharibu ushahidi. Mimi nikaona sehemu isilale bure. Nikachukua kijiti, nikatoboa mashimo katikati ya majani, nikatia mbegu. Ushahidi wake sikuugusa."

Na huo ukanda ndio anaouchungulia asubuhi hii, akiwa amechuchumaa. Uko upande wake. Ni wake. Mahindi yake ni marefu kuliko mengine yote shambani mwake kwa kimo cha mtoto, na hayajajikunja hata jani moja.

"Mwanzoni nilidhani Dada anakuja kuyamwagilia nisipokuwepo," anakiri. "Nikajificha nione. Hakuja. Sasa nayaangalia yale mahindi nasikia kichomi hapa. Ni yangu, lakini nayaonea wivu. Umeshawahi kusikia ugonjwa huo?"

Saa nne hivi mama anafika, amekaa nyuma ya pikipiki ya mwenyekiti, ndala mkononi tayari. Mwenyekiti amepata nafasi hatimaye, au amekosa njia ya kukataa.

"Nimekuja na kesi yako pia, Ufagio," anasema. "Tuzimalize zote leo."

Mama anaanza kwa Dada. Anakanyaga taratibu, mkono kwenye bega la mkwe wake, mke wa Ufagio. Anasimama, vidole vya miguu vinajichimbia. Anacheka peke yake. "Hapa pamelala mtu," anasema. "Pana joto lake."

Anavuka kuja kwa Ufagio. Anaukwepa ukanda kwanza, anapitia chini kwenye njia, anakanyaga katikati ya shamba lililopitishwa reki. Hatua chache tu anasimama.

"We mwanangu, unanitembeza barabarani?"

"Ni shambani, mama."

"Hapa ungeweza kukaanga mayai bila kikaango."

Dada anaziba mdomo kwa khanga. Ufagio anatazama mabuti yake. Mama anaendelea, anasonya, anashika njia ya kurudi kwenye mpaka ili atoke. Ndipo mguu wake unaangukia kwenye ushahidi.

Anasimama. Anaurudisha mguu wa pili, anauweka kando ya wa kwanza. Anafumba macho.

"Hapa ni kwa nani?"

Unaweza kumwona Ufagio akipiga hesabu usoni. Akisema yale majani ni ya dada yake yaliyovamia, kesi anashinda, lakini sifa ya udongo inahamia ng'ambo na kisima kinakwenda nayo. Akisema ni kazi yake mwenyewe, basi hajavamiwa na mtu, na mwezi mzima wa kukata na kulaza fiwi alikuwa mkulima wa mazao funika, aina ileile ya mtu aliyemcheka.

"Si ulisema haya ni uvamizi?" mwenyekiti anamkumbusha.

"Nani? Mimi?"

"Ulikuja kwangu mpaka mke wangu akadhani umehamia."

Ufagio anaugusa ukanda kwa ncha ya buti. "Haya majani nimeyalaza mimi. Kwa mikono yangu."

"Kwa mapenzi?" Dada anauliza.

"Kwa mpangilio!"

"Kwa hiyo kesi hakuna?" anasema mwenyekiti, ameshaanza kutafuta funguo za pikipiki.

"Kesi ipi, mwenyekiti? Watu wanapenda kuzusha."

Kwa muda mfupi sana anafanana na mtu aliyeshinda. Anajinyoosha. Anamtazama dada yake kwa jicho la zamani, lile la wakati baba anamsifu mbele ya wageni. Lakini mama bado hajatoka pale aliposimama.

"Na mashimo nani alitoboa?"

Ufagio anainama kunyoosha jani lisilohitaji kunyooshwa.

"Namuuliza mtu. Aliyelaza majani amelaza. Nani alijua usilime, utoboe?"

"Mimi, mama," anasema mke wa Ufagio, bega lake bado likiwa chini ya mkono wa mkwewe. "Nilikatazwa kulima, ndiyo nikatoboa."

"Basi cha kisimani utalima wewe."

Dada anaangua kicheko, kisha kinamwishia njiani, maana naye alikitaka kile kipande. Mke wake anainama, anamvalisha mama ndala. Ila anaporudi nyumbani anatembea polepole kuliko kawaida, kama mtu anayetaka aonekane kwa nyuma.

Siku chache baadaye Ufagio alivuka mpaka kwa miguu yake.

"Nipe mbegu," alimwambia dada yake.

"Hujasema tafadhali."

"Tafadhali. Na mke wangu usimpe."

"Umechelewa, mdogo wangu. Wifi alikuja jana, amebeba ndoo nzima. Zilizobaki ndizo hizo alizokalia mwandishi."

Sasa ana mpango. Anataka kupanda fiwi katikati ya mahindi yake yote mara udongo utakapopata unyevu kidogo, azikate kabla ya mvua kubwa, na jembe alipumzishe ukutani. Atabakiza uwanja mdogo mbele ya nyumba wa kufagia, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Mfereji uliochimbwa na maji anasema ataulazia mabua, asiyachome tena.

"Kiangazi kijacho wageni wataulizia kwangu," anasema. Kisha anatazama kule kisimani, ambako mke wake, bila kusubiri msimu, tayari anatoboa mashimo ya fiwi huku akiimba. "Wakiulizia kwake, machinjio yako palepale."

Makala haya yalisomwa kwa sauti mbele ya wahusika miezi kadhaa baadaye, kabla ya kupelekwa gazetini, kama ilivyokubaliwa. Ufagio alilalamika kuhusu kidevu lakini hakukana. Dada alisema yule kuku ni kweli, na uzao wake upo hadi leo. Mke wa Ufagio alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja:

"Mkanda."

"Mkanda gani?" mwandishi aliuliza, ingawa alishaelewa.

Alikwenda kwenye mpaka, akainua majani, akarudi na nyungunyungu kiganjani. Alikuwa mnene na mwenye afya, na urefu wake ulikuwa wa kidole. Akanyoosha mkono wa pili. Mwandishi alijitetea kwamba yule wa siku ile alikuwa baba yao, na kwamba alipita haraka. Hakuna aliyemsikiliza. Alifungua mkanda, wakaulaza chini, wakamlaza nyungunyungu kando yake, na Ufagio, mzoefu wa mambo hayo, akatangaza kwamba mkanda usiguswe, ni ushahidi.

Ndiyo maana sentensi hizi za mwisho zimeandikiwa shambani kwa Dada, katika mapumziko ambayo ahadi haikuyaruhusu. Fiwi za mwaka huu zimefika mahali pa kukatwa, na kutoka njiani mpaka kisimani bado ni mbali. Panga liko mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika suruali.

Ufagio amechuchumaa kwenye mpaka tangu asubuhi, anatazama majani yakianguka na kulala vizuri upande usio wake.

"Dada!" anaita. "Na kwangu atakata lini?"