Kibuyu cha Mama

Daktari aliniambia nikae kimya dakika kumi kila siku, nifuate pumzi yangu. Nilijaribu siku tatu, nikashindwa. Siku ya nne, sokoni Eldoret, nilimwona mwanamke akisugua ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kijiti kilichochomwa, na ile harufu ya moshi ikanirudisha utotoni, nyumbani kwa Mama.

Kila alasiri Mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, akasugua kibuyu, kwaru, kwaru, bila kusema neno. Mimi nilidhani amenikasirikia. Alasiri moja nilishindwa kuvumilia, nikamwendea nikilia, nikakiri yote: maziwa ya ndama niliyokunywa, kikombe nilichovunja, hata uongo wa shuleni.

Mama alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

“Nani amekukasirikia? Hapa ndipo mimi hupumzika. Sasa kaa, na unyamaze.”

Nilikaa karibu naye mpaka ng'ombe wakarudi.

Siku hizi nina kibuyu changu. Maziwa nanunua ya pakiti, lakini kila jioni nasugua, kimya. Jana binti yangu alisimama mlangoni akinitazama, macho yamejaa machozi.

“Mami,” akasema, “ni mimi nilivunja rimoti.”