Waliopotea Kati ya Kasongo na Lusangi

Célestine alikuwa amezalisha wanawake wa Kasongo kwa miaka kumi na mitano siku kompyuta ilipomwambia kwamba kazi yake haina faida.

Haikumwambia kwa ukali. Ilimwekea mbele jedwali dogo, safu nne tu, na safu ya mwisho ilisema hivi: mwanamke aliyefika kliniki tangu mimba changa hadi mwisho, na mwanamke aliyefika mara moja tu, mwezi wa nane, tumbo likiwa tayari limeshuka, wote wawili huzaa watoto wa uzito uleule. Alirudia hesabu. Alibadilisha njia, akarudia tena. Jedwali lilibaki pale pale, halina haya.

Ulikuwa mwaka wake wa tatu wa shahada ya uzamili ya takwimu za afya, katika chuo kimoja cha Kisangani. Alisoma akiwa nyumbani Kasongo, akipokea masomo kwa simu kila mtandao ulipokubali, na kila muhula alisafiri kwenda kufanya mitihani kati ya vijana waliomwita Mama na kumwachia kiti cha mbele. Hakuna aliyemtuma. Kwa miaka mingi alikuwa akijaza takwimu za wilaya ya afya na kuzipeleka juu, na hazikurudi kamwe kumwambia chochote. Alitaka, mara moja kabla ya kuzeeka, kuzisikia zikisema. Sasa zilikuwa zimesema.

Siku mbili baadaye Profesa Théophile, msimamizi wake, alimpigia simu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyepoteza maneno.

"Madame Célestine, theluthi ya wanawake wako wa Kasongo wamepotea. Walipimwa, wakaandikwa, kisha hatujui walizaa nini wala wapi."

"Ni kweli, Profesa."

"Na wale wa kituo cha Lusangi, huko vijijini, wanachipuka mwezi wa nane kama uyoga, wanazaa watoto wazito, wanakwenda zao. Ukisoma jedwali lako, kliniki haisaidii kitu. Wewe unaamini hivyo?"

"Siamini."

"Kuamini si takwimu. Wako wanafunzi wanaowafuta waliopotea na kuendelea na safari. Fanya hivyo ukitaka, lakini mbele ya jopo usinitazame mimi. Ukileta maelezo kabla ya Septemba, utatetea tasnifu yako mwaka huu. Usipoleta, chuo hakina mwaka wa nne wa kukupa."

Baada ya simu alifungua tasnifu na kuisoma upya kama kazi ya mtu mwingine. Katika ukurasa mmoja alikuta sentensi aliyoiandika mwenyewe: wanawake wa Lusangi huchelewa kuanza kliniki kwa sababu ya kukosa elimu. Mama yake mzazi alizaliwa Lusangi. Siku alipoiandika sentensi ile haikumchoma popote, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko jedwali.

Akamwambia mumewe, Ruphin, mwalimu wa shule ya msingi, kwamba anataka kwenda kuwaona hao wa Lusangi kwa macho.

"Kwa macho?" Ruphin aliuliza. "Miaka mitatu unaniambia macho yanadanganya, tufuate hesabu."

"Hesabu nayo imenidanganya. Washa pikipiki."

Mvua ilikuwa imekula barabara. Mara mbili walishuka na kusukuma, na kwenye daraja la magogo Ruphin alivuka kwanza na pikipiki, kisha Célestine akafuata kwa miguu, viatu mkononi, bila kutazama maji. Walifika Lusangi asubuhi ya siku ya wajawazito. Wanawake walikuwa wamejaza benchi la kituo cha afya na wengine wamekaa chini kwenye mikeka, wakimenya karanga.

Gérard, muuguzi wa kituo, alikuwa amesoma na Célestine shule ya uuguzi zamani. Alimpokea akicheka, kisha akamgeukia Ruphin.

"Mwalimu, umetuletea inspekta?"

"Inspekta huyo nalala naye nyumba moja," Ruphin alisema. "Mie nimezoea. Nyinyi vumilieni."

Célestine alikaa pembeni ya mizani. Gérard akawa anaita majina, na wanawake wakapanda na kushuka. Kisha akaita, "Zuhura Mahamudu," na msichana mmoja akainuka kwenye mkeka, akijishika kiuno, mama yake akimsaidia.

Célestine alimjua kabla hajafika. Alikuwa amelipima tumbo lile kwa mikono yake, Kasongo, mwezi baada ya mwezi. Alikuwa amemcheka msichana huyu alipoogopa sindano. Katika kompyuta yake angeandikwa mmoja wa waliopotea.

"Rosine?"

Msichana alishtuka, kisha akainamisha uso akitabasamu.

"Huku si Rosine, mama. Rosine nimemuacha kwa wakwe."

Mikeka yote ilicheka. Gérard alisimama na kalamu hewani.

"Kwa mume unaitwa Rosine Bulaimu," Célestine alisema polepole.

"Hilo njo jina la kwao. Huku baba akinisikia naitwa hivyo, atauliza nani amekuja."

"Na fishi yako? Ile kadi tuliyokuandikia vipimo vyote?"

"Iko chini ya godoro. Kasongo."

"Kwa nini hukuibeba? Na mimi, kwa nini hukuniaga?"

Hapo aliyejibu alikuwa mama yake Zuhura, mwanamke mrefu wa kitenge cha kijani, aliyekuwa akimtazama mgeni tangu asubuhi.

"Mama muganga, mutu wa mimba ya kwanza anaaga? Anaaga ili nani asikie? Anatoka mikono mitupu, anasema nakwenda kusalimia mama. Akibeba fishi na nguo za mutoto, njia nzima itajua amekwenda kuzaa, na si kila jicho la njiani ni zuri. Weye si mutu wa huku?"

"Mama yangu ni wa huku."

"Haya. Mutoto wako wa kwanza ulimuzalia wapi?"

Célestine alitazama sakafu. "Kwa mama yangu."

"Uliaga?"

"Hapana."

"Na fishi?"

Aliinua mikono, ameshindwa. Mwanamke mmoja mkekani alipiga makofi mara moja, taratibu, na kicheko kikazunguka tena, kisicho na ubaya, hata Célestine akaingia ndani yake. Kisha akakumbuka. Grâce, bintiye wa kwanza, alizaliwa kilomita chache kutoka benchi lile, na muuguzi wa siku hizo bila shaka alimwandika Célestine kwa jina la usichana, mgonjwa mpya, asiye na historia. Alikuwa ameishi jibu lote la tasnifu yake, na aliposoma takwimu alilisahau, kama mtu anayevua nguo ya nyumbani kabla ya kuingia ofisini.

Mwanamke mmoja alikuwa amekuwa wawili. Kasongo kulibaki kivuli chake, aliyefuata kliniki yote kisha akapotea bila mtoto. Lusangi kulizaliwa mwingine, asiyefuata lolote, mwenye mtoto mzito. Kazi yote ya kliniki ya Kasongo ilikuwa ikihesabiwa kwa yule wa pili kama bahati.

"Gérard," alisema, "hawa wa mwezi wa nane ni wangu."

"Wako wote?"

"Sijui kama wote. Hilo ndilo nataka kujua."

Kujua hakukuwa rahisi. Aliomba ruhusa ya kamati ya maadili na ya mganga mkuu wa wilaya, akaipata, kisha akaanza kwa waume, Kasongo, nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alikuwa Bulaimu, mume wa Rosine, aliyekuwa akipiga matofali nyuma ya nyumba.

"Mke wako amekwenda wapi?"

"Kusalimia."

"Kusalimia wapi?"

"Kusalimia." Alirudi kwenye matope yake. Hata alipoambiwa kwamba Rosine ameonekana na ni mzima, alisema tu aksanti, akaendelea kupiga.

Nyumba zilizofuata zilikuwa vilevile. Mwingine aliita mama yake atoke ndani, na mama akasimama mlangoni na mwiko mpaka wageni walipoondoka. Ruphin, aliyekuwa akimsubiri juu ya pikipiki, alishindwa kujizuia.

"Unauliza kama mutu wa usalama. Mwanaume anaulizwa mke wake mwenye mimba iko wapi, na weye unangoja aseme?"

"Wewe ungeulizaje?"

"Mie singeuliza mke. Ningeuliza mukwe. Muulize mwanaume yeyote wa hapa habari ya mama wa mke wake, uone kama atanyamaza."

Alimwona anatania. Lakini njiani neno lile lilimkaa kichwani. Jina la mwanamke hubadilika akivuka kizingiti. Jina la mama aliyemzaa halibadiliki, na kila upande wa njia unalijua. Nyumba iliyofuata hakutaja mimba wala mke. Alisalimia, akakaa, akasema ana safari ya kuelekea Lusangi na Kabambare, kukusanya hesabu za kina mama waliokwenda kwao, na kama kuna mama mkwe huko wa kusalimiwa, yeye yuko tayari kubeba salamu.

Mwenye nyumba aliacha jembe.

"Iko moja. Mama Rachelle, karibu na kanisa. Mwambie nasalimu. Mwambie naheshimu. Asipokuuliza habari ya paa la nyumba yake, weye pia usimukumbushe."

Basi alibeba salamu. Alizibeba kwa wiki nyingi, likizo yake yote ya mwaka, hadi Lusangi na mbele yake hadi vijiji vya Kabambare, za heshima na za kujikosha, na kila salamu ilimfikisha kwenye ua ambako msichana fulani alikuwa ameketi akinyonyesha. Aliwaambia waziwazi anachokitafuta, akawaomba idhini ya kuunganisha majina yao mawili. Wachache walikataa, naye akawaacha. Wengi walicheka na kukubali. Bibi mmoja alitaka tu kuhakikishiwa kwamba kompyuta haitampa mkwe wake mke wa pili.

Si salamu zote zilifika. Baadhi ya wanawake walikuwa wamefuata waume kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na huko majina hubadilika kwa sababu nyingine, na hakuna mama mkwe wa kuulizwa. Na katika ua mmoja alioufikia jioni, mama wa nyumba alipokea salamu kwa mikono miwili, kisha akampeleka nyuma ya mihogo na kumwonyesha udongo alimozikwa binti yake, ambao ulikuwa bado mwekundu. Mume aliyetuma salamu hakuwa amepata habari. Célestine alirudi Kasongo na kuibeba habari ile mwenyewe, na siku hiyo hakugusa kompyuta.

Alipoigusa, mwisho wa Agosti, aliunganisha nusu na nusu. Jedwali jipya lilikuja na safu zilezile nne. Waliofuata kliniki walizaa watoto wazito zaidi. Si kwa ajabu, kwa kiasi cha konzi moja ya unga, lakini kiasi hicho kilisimama kila alipokipima. Alimtumia Profesa Théophile ukurasa mmoja tu. Jibu lilikuja asubuhi: "Njoo utetee."

Kisangani, ukumbi ulikuwa na joto na feni moja. Alieleza kwa Kifaransa alichokijifunza kwa Kiswahili, na mara moja, alipokosa neno, akasema "kusalimia" na kulifafanua, na wanafunzi nyuma wakacheka kwa kutambua: wengi walikuwa na dada.

Mjumbe mmoja wa jopo, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa amepindua kurasa kwa haraka, alimwinulia kidole.

"Umewarudisha wengi, Madame. Lakini wamebaki waliopotea. Unasema nini juu yao?"

"Nasema sijui."

"Ungeweza kudhani ni kama wenzao. Wengi hufanya hivyo."

"Wenzao wana mama waliowapokea. Hawa sijui nani amewapokea. Nimeonyesha jibu lingekuwaje kama wote walizaa vizuri, na lingekuwaje kama wote walizaa vibaya. Jibu linapungua, lakini halianguki. Zaidi ya hapo sina haki ya kusema. Na ile sentensi ya kukosa elimu nimeitoa, kwa sababu kosa la elimu lilikuwa langu."

Mtaalamu alimtazama, akaandika kitu, akafunga tasnifu. Profesa Théophile alikuwa anatazama dirisha, kama mtu asiyemfahamu, lakini kalamu yake ilikuwa imetulia mezani tangu neno "sijui".

Walimtoa nje wajadiliane. Walipomwita, mwenyekiti alisoma kwamba amefaulu, kwa sifa kubwa, akitakiwa kusahihisha lebo za mchoro mmoja ndani ya wiki. Alishukuru. Alishuka ngazi, akampigia Ruphin.

"Nimepita."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto wa darasa zima wakipiga meza, na Ruphin akijaribu bila nguvu kuwanyamazisha.

Aliketi kwenye ukuta mfupi wa ua, akafungua kompyuta magotini, akatafuta mchoro. Betri ilikuwa nusu. Ilimtosha kuanza.