Ghanim Mkalimani na Kikombe cha Jaji

Ghanim alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakuongeza neno wala hakupunguza. Shahidi akitukana, Ghanim naye alitukana, kwa sauti ileile, kisha akakohoa na kutazama dari. Alizaliwa Unguja, akasomea Kiingereza huko, akaingia Omani mwaka sabini na mbili na sanduku moja la nguo na kamusi mbili. Mimi nilikuwa mpiga chapa, meza yangu ikitazamana na yake. Mahakama yenyewe sitaitaja. Ilikuwa mkoa wa Sharqiya, na hiyo yatosha, maana wengine bado wako hai na wanapenda kusifiwa.

Kila mwanzo wa mwezi alikuja Fakhriya kutoka Ibra. Alikuwa mshona kofia, na vidole vyake vilijaa alama za sindano. Mumewe Marhun, mtu wa Sur, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Januari ya sabini na saba aliteleza juu ya barafu katika bandari moja ya Uholanzi, akaanguka kati ya meli na gati, na mwili haukupatikana. Mahakama ya huko ikasikiliza mashahidi, ikahukumu kwamba Marhun amekufa, ikapiga muhuri. Hukumu ikatufikia pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Ghanim akaitia katika Kiarabu kwa siku moja.

Sheikh Abdullatif, mkuu wetu, aliigeuza karatasi upande huu na huu, akasema hatuna makubaliano na mahakama za Ulaya, basi na watuandikie rasmi. Tukawaandikia. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba wanasubiri fomu kutoka kwetu. Fomu kama hiyo hatukuwa nayo wala hatukujua inafananaje. Tukawaandikia kuuliza, wakajibu kwamba suala letu linashughulikiwa. Miaka saba ikapita hivyo. Fakhriya hakuwa mke, hakuwa mjane. Hamed, mwalimu wa shule na mtu mwema, alimposa mara mbili, na mara mbili akaambiwa mwanamke huyu ana mume.

"Shikamoo, ami Ghanim. Leo je?"

"Marahaba, mwanangu. Leo bado."

Sikupata kusikia mazungumzo mengine baina yao.

Na usidhani hatukuwa na ushirikiano na Ulaya. Tulikuwa nao mpaka ukatutoka puani! Tulipokea kalenda zao, vitabu vyao vyenye majalada ya ngozi ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma, na salamu za mwaka mpya. Sheikh alikwenda mkutanoni huko mara mbili, akarudi na chokoleti na hotuba juu ya mahakama za dunia kuwa familia moja. Hotuba hiyo niliipiga chapa mimi, nakala sita. Chini ya mkono wangu lilikuwa faili la Fakhriya.

Mwaka themanini na nne ikaja habari kwamba majaji watano wa Ulaya watatutembelea, mkubwa wao akiwa jaji wa Uholanzi. Kesi zote za wiki zikaahirishwa. Mazulia mapya yakaletwa, ukuta ukapakwa rangi upande wa mbele tu, mbuzi wakachinjwa, na gari tatu zikaandaliwa kuwapeleka wageni Wadi Bani Khalid wakatazame maji. Siku hiyo ilikuwa mwanzo wa mwezi, na Fakhriya akaja kama kawaida. Bawabu akamzuia getini, akamwambia asiharibu picha.

Ghanim alimwona dirishani. 

Wageni wakaketi, wakala tende, kahawa ikamiminwa. Sasa huku kwetu mgeni mwenye haja kubwa haombi kwa mdomo. Hukipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukionja. Mwenyeji akiona hivyo humuuliza haja yake, na ikiwa iko ndani ya uwezo wake hawezi kukataa, maana aibu yake itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Jaji wa Uholanzi hakuwa na haja yoyote. Alinusa iliki, akakunja pua, akakiweka kikombe kwenye zulia.

Baraza zima likakitazama kikombe. Sheikh Abdullatif akanyooka.

"Ya Ghanim, muulize mgeni wetu ana haja gani."

Ghanim akamgeukia jaji. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nilifahamu kwamba alimuuliza kama safari ilikuwa njema. Jaji akafurahi. Akanena dakika tatu nzima, akikunjua mikono, juu ya udugu wa sheria na kubadilishana vitabu. Ghanim akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiarabu, na jasho likimtoka:

"Anasema mahakama ya kwao ilihukumu kwamba Marhun bin Khalaf wa Sur amekufa. Haja yake ni kwamba hukumu hiyo iheshimiwe. Hana nyingine."

Jina la Marhun halikutoka kabisa katika mdomo wa yule mzungu, wallahi.

"Tu?" akauliza Sheikh, amepoa kama aliyetuliwa mzigo. "Imekwisha! Mwambie anywe kahawa yake."

Jaji akabembelezwa, akafumba macho, akakinywa kama mtu anayemeza klorokwini. Watu wakapumua. Nikaitwa, nikaipiga chapa hukumu palepale, mistari minne. Mistari minne! Sheikh akatia saini mbele ya wapiga picha, na baadaye ikaandikwa katika ripoti kwamba ziara ilizaa matunda. Hilo ndilo tunda lake pekee nililolijua.

Wageni walipokwenda kutazama maji, Ghanim aliandika barua ya kuacha kazi. Nikamwambia asiwe mjinga, hakuna aliyejua.

"Mimi najua," akasema. "Mkalimani akisema uongo mara moja, amekwisha. Lakini hawa wamesema kweli miaka saba, na kweli yao haikumfaa mtu."

Tukatoka pamoja hadi getini. Fakhriya alikuwa bado amesimama juani. Ghanim akampa karatasi, akamsomea polepole, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Wamekubali kwa sababu gani, ami?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu Ghanim.

Fakhriya hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

"Marhun alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na sita," akasema. "Hii saba iliyopotea nayo nikaidai mahakama gani, yetu au yao?"