Megafoni ya Nyangezi

Kila Jumapili ya kiangazi, vilima vya Nyangezi vinaposhindana kwa mpira, mtangazaji husimama kwenye mstari na megafoni mkononi. Vidole vyake ni vifupi, vya mtu wa jembe, na kabla ya kusema lolote huipangusa megafoni kwa upindo wa abakosti yake, lile koti la kizalendo lisilovaliwa na tai. Tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo na salamu za Kizungu, na kuamuru majina ya mababu, yeye ndiye husahihisha watu wote. «Usiseme monsieur, mama. Sema citoyen, mwananchi!» Wauza ndizi humtania: «Na mbuzi yako, papa, nayo ilipata jina ya mababu?» Hacheki.

Jumapili iliyopita, komisaa wa zone, mkubwa wa wilaya nzima, akiwa kwenye kiti cha wageni, golikipa aliurukia mpira, akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli, akalala bila kutikisika. Megafoni ililia: «Philémon! Philémon wangu, amuka!» Uwanja mzima uliganda. Golikipa alikuwa mwanawe, na jina kama lile, mbele ya mkubwa kama yule, lilitosha kumfungisha mtu.

Komisaa alisimama. «Philémon ni nani?»

Hata wauza ndizi walitazama chini. Mtangazaji alikuwa amekwisha kuitupa megafoni na kupiga magoti, kichwa cha kijana kikiwa katikati ya viganja vyake.

«Iko mutoto wangu, citoyen commissaire,» alisema bila kugeuka. «Muache kwanza apumue, kisha munifunge.»