Kisahani cha Mita

Msinitishe na mashine zenu za kuonyesha umeme unavyoliwa. Kwetu Ngokolo, mjini Shinyanga, miaka ya sabini, mama alikuwa nayo tayari: kile kisahani kinachozunguka ndani ya mita, ukutani sebuleni. Alikikodolea macho kutwa, mwiko mkononi. Pasi ikiwashwa kisahani kilikimbia, naye alipiga kelele, "Nani huyo?" Ndiyo maana tulipiga pasi Ijumaa tu, nguo zote kwa mara moja, na redio ilikuwa marufuku kuimba katika chumba kisicho na mtu.

Ijumaa moja asubuhi, kabla ya pasi, alizima kila kitu, lakini kisahani kikaendelea kutambaa. Baba akasema mita ni mbovu.

"Mita haidanganyi," mama akajibu, akaanza kupekua chumba hadi chumba. Nyuma ya kitanda cha bibi, mama yake baba, alikuta balbu inawaka ndani ya tenga, na vifaranga tisa wameizunguka. Mama yao alikuwa ameliwa na kicheche juzi yake.

Bibi hata hakushtuka. "Mayu, hiyo si taa," alimwambia mama kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, ambamo kila mama ni mayu. "Huyo ni mama yao."

Mama, ambaye alikuwa hamsamehei hata baba, aliiacha balbu ikiwaka. Kisha akairudisha pasi kabatini.

Baba alikwenda msikitini na kanzu yenye makunyanzi, na kisahani kikaendelea kutambaa, mwendo wa kuku anayetembea na watoto wake.