Udongo Niliouiba kwa Wakwe

Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mzee wa wajukuu tisa, niliwahi kusafiri mpaka Burnt Forest kuiba udongo. Msicheke mapema, mtachoka.

Chebet, msichana wa chuo, alikuja kwetu pembeni mwa Kimumu kupima kaboni iliyomo udongoni, kuanzia mashamba yetu ya huku chini hadi msitu wa juu mlimani. Alitueleza kwamba juu kuna baridi, majani huoza taratibu na udongo hutunza kaboni nyingi, lakini shamba linalolimwa kila mwaka huipoteza, na kwamba tukimpa udongo wetu jinsi ulivyo, kikundi kitaletewa miche ya miti. Wenzangu walisikia miche. Mimi nilisikia mtihani (na ule wa kidato cha nne bado unaniuma).

Mvua ikamfukuza kabla hajamaliza, akaniachia mimi mifuko ya mashamba yaliyobaki, kila mtu achimbe kwake, nikusanye. Nikautazama udongo wangu, mwekundu, mgumu, mahindi juu ya mahindi tangu nilipooa, nikaona aibu. Kesho yake nikamwambia mke wangu naenda kuwasalimu wakwe Burnt Forest, na kweli niliwasalimu, nikanywa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, kisha nikauliza choo kiko wapi, nikapitiliza mpaka ukingo wa msitu na kujaza mfuko wangu udongo mweusi tititi.

Baada ya wiki kadhaa Chebet akarudi na profesa wake, furaha imemjaa, kwa kuwa shamba langu la mahindi lilikuwa limeushinda msitu. Profesa akaniomba niwafundishe wenzangu. Nami, badala ya kukiri, nikafundisha (Mungu anisamehe), nikaeleza kirefu habari za samadi ya ng'ombe ambao sina, mpaka profesa akasema tuchimbe tuone.

Nikapiga jembe, likaruka. Nikapiga tena. Mama Njeri, jirani yangu anayelima viazi, akachuchumaa na kuokota bonge jekundu.

"Mwenyekiti," akasema, "ule mweusi niliouona mfukoni mwako ulihamia wapi?"

Watu wakacheka mpaka profesa akageukia ua kuficha kicheko chake. Chebet hakucheka.

"Mzee, udongo ule ulikuwa wa wapi?"

"Wa kwa wakwe."

Kwa kuwa mifuko ile yote ilipitia mikononi mwangu, hakuna hata mmoja ulioaminika tena, ikamwagwa, na miche ikapelekwa kwa kikundi kingine. Mama Njeri alikuwa ameshachimba mashimo ya kupandia miche yake. Yalijaa maji ya mvua, na kila nikipita alikuwa ananionyesha kwa kidole.

Nilimwomba Chebet msamaha akiwa anapakia vifaa vyake. Akaniambia, kwa upole ulionichoma zaidi, kwamba miche ingeanza kugawiwa kwenye shamba lililochoka kuliko yote. Yaani langu.

Siku hizi mtu akija kutaka udongo, nampa jembe achimbe mwenyewe, nami nasimama mbali, mikono mfukoni.