Mlango wa Gereji, Tofali na Mtego wa Panya

Saa tatu kasoro robo asubuhi, na mlango wa gereji haujafunguliwa wala haujafungwa. Umesimama katikati, umezuiwa na tofali lililomeguka pembe. Mama Chaji anausukuma kwa goti, anarudi hatua mbili, anautazama, kisha anausogeza tena upana wa kidole.

"Hapa," anasema. "Akija asiseme uko wazi. Na sisi tusikose hewa."

Anayesubiriwa ni ofisa wa vibali. Hii itakuwa mara yake ya tatu mwaka huu, na mara ya pili aliondoka baada ya kuandika kwa kalamu nyekundu: akikuta mlango wazi tena, kibali kinachukuliwa. Bila kibali, mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili hana ruhusa ya kuchaji betri hata moja katika gereji ya nyumba yake mwenyewe.

Ndani, juu ya benchi la mbao lililotandikwa mpira, zimepangwa betri saba za pikipiki. Kila moja ameiandika kwa chaki: NJAA au SHIBA. Chini ya benchi upo mtego wa panya, umetegwa, na kipande cha mkate mkavu juu yake.

Namuuliza: panya wapo humu?

"Sijamwona hata mmoja. Panya gani akae na asidi? Ila karatasi ya ofisi ilisema mtego uwekwe, nikaweka. Nikadhani labda wanatafuna nyaya."

Dereva wa bodaboda anaingia kwa ubavu kupitia upenyo wa mlango, betri amekumbatia kifuani.

"Shemeji, mbona tunaingia kama wezi?"

"Ingia hivyohivyo. Na hiyo sigara ya sikioni iache nje."

"Sijaiwasha!"

"Sijakuuliza kama umeiwasha."

Anacheka, anarudi kuiweka juu ya tenki la pikipiki yake.

Mama Chaji anavaa miwani na glovu. Anaifuta betri na kuitazama ubavuni isije ikawa imevimba au ina ufa. Iliyovimba haichaji, hata mwenyewe alie. Hii ni ya maji: analegeza vizibo na kuongeza maji ya betri, si ya bomba, hadi kwenye mstari. Anabana waya mwekundu, kisha mweusi. Mwisho kabisa ndipo anawasha swichi ya ukutani.

"Watu wanataka chaja kubwa, betri ishibe haraka," anasema. "Betri ya ampea saba naipa chini ya ampea moja, inakunywa taratibu. Ikifika saa kumi na mbili jioni nazima zote. Isiyoshiba itamalizia kesho. Betri hailali kwenye umeme nyumbani kwangu."

Na kutoa?

"Swichi kwanza. Ndipo waya." Anatazama mlango wa jikoni, alikoketi mumewe. "Swichi kwanza," anarudia.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alikuwa fundi wa pikipiki katika gereji hii kwa miaka ishirini na mmoja. Mgongo ulipokataa kuinama, mkewe alichukua upande wa betri. Kazi aliijua kwa kumtazama. Siku zote mlango ulikuwa wazi kuanzia asubuhi, kwa sababu, kama Spana alivyofundishwa na fundi wake, betri ikichaji hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo ikifungiwa husubiri cheche.

Januari, ofisa alikuja na kuacha karatasi ya nakala. Kichwa cha karatasi kilikuwa kimekatwa na mashine ya nakala. Sharti la nne: mlango ufungwe wakati wote. La tano: mitego ya panya iwekwe.

"Nilimuuliza, 'Mwanangu, ufungwe hata nikichaji?' Akasema, 'Mama, imeandikwa wakati wote.' Nikauliza duka la chaja, wakaniambia soma maelekezo. Maelekezo yana lugha nne, hata moja siijui. Nikasema basi, serikali haiwezi kukosea kitu kidogo kama mlango."

Wakafunga. Siku kumi na tisa baadaye, Spana alitaka kumsaidia mkewe aliyekuwa bafuni. Betri ilikuwa inachemka. Akachomoa waya kabla ya kuzima swichi. Cheche moja. Kifuniko cha betri kiligonga dari, asidi ikamrukia usoni. Walimmwagia maji hadi walipofika hospitali, na bado jicho la kushoto leo linaona kama kupitia kioo chenye mvuke. Tangu siku hiyo mlango uliachwa wazi tena, hadi ofisa aliporudi na kalamu nyekundu.

"Kosa la waya ni langu," Spana anasema. "Nimelitenda mara ngapi huko nyuma, mlango ukiwa wazi, halijanifanya kitu. Sasa niambie, la mlango ni la nani?"

Swali hilo lina umri mrefu kuliko kibali cha mkewe. Miaka tisa iliyopita, katika ukumbi wenye viti vyeupe vya plastiki, ofisi hiyohiyo iliwaita wachaji betri thelathini na wawili na kuwaahidi mwongozo ulioandikwa kwa lugha wanayoisoma. Walipewa soda na kusainishwa majina. Kati yao, sita ndio bado wako kazini. Majina yalichukuliwa siku ileile. Mwongozo, wakiuliza, wanaambiwa uko njiani. Hiyo njia ni ya wapi, ambayo kalamu nyekundu imeipita mara mbili na mwongozo haujaonekana hata vumbi lake?

Saa nne na nusu ofisa anafika. Ni kijana, shati limepigwa pasi, viatu vimemshinda kwa matope. Anasimama mbele ya mlango, analitazama tofali kwa muda mrefu.

"Mama, huu umefungwa au uko wazi?"

"Wewe unauonaje, mwanangu?"

"Mimi sielewi."

"Basi tuko wawili. Karibu."

Anaingia kwa ubavu, kama dereva. Anatoa fomu yake na kuiweka juu ya benchi. Safari hii ni kitabu chenyewe cha fomu, si nakala. Spana anasogea, anafumba jicho la kushoto, anainama hadi pua inakaribia kugusa karatasi.

"Masharti ya usalama," anasoma polepole. "Ghala la nafaka."

"Nafaka?" anauliza Mama Chaji.

Ofisa anageuza jalada, anarudi ukurasa wa kwanza, analigeuza tena. "Gereji ya nyumbani haina fomu," anasema hatimaye. "Kuna ghala, hoteli na saluni. Niliambiwa nyinyi mko karibu zaidi na ghala."

"Kwa hiyo jicho la mume wangu limekwenda kwa ajili ya mahindi?"

Ofisa anamtazama Spana, kisha mtego, kisha betri zilizoandikwa SHIBA. "Hata mimi nilijiuliza kuhusu panya," anasema kwa sauti ndogo. Ila fomu, anaeleza, lazima ijazwe. Akiacha mstari wazi itarudishwa, na kibali kitakufa chenyewe. Anachoweza ni kuandika siku thelathini za kurekebisha.

Mama Chaji anachukua kitabu na kukisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza kikiwa kizima, kidole kikifuata mistari. Anasimama kwenye sharti la saba: tundu lolote linalopitisha panya lizibwe.

"Linalopitisha panya," anasema. "Lisilopitisha?"

Ofisa anafikiri. "Hilo halijatajwa."

Jumamosi hii, mwanamke huyu atatoboa ukuta wa nje wa gereji yake. Ameshaweka alama kwa chaki ileile ya betri: matundu sita juu kabisa, chini ya paa, kwa kuwa hewa ile hupanda, na upenyo wa vidole vinne chini ya mlango, ili hewa safi iingie. Yote yatafunikwa wavu wa waya, na mlango wa jikoni utazibwa kando zake, hewa ya betri isiingie nyumbani. Tofali litarudi uani. Na ukutani, penye karatasi isiyo na kichwa, anataka kuandika mwongozo wake kwa rangi, akianza na maneno mawili: SWICHI KWANZA.

"Na mtego?" anamuuliza ofisa akiondoka.

"Uache tu, mama. Kwenye fomu upo."

"Haya. Hewa itoke, panya asiingie, nawe upate pa kuweka tiki." Anavuta glovu, anarudi kwenye benchi. "Ila safari ijayo, mwanangu, kabla hujaniletea sharti lolote, njoo kwanza umsomee aliyelipia kwa jicho."

Kisha anamshika mumewe mkono, anamsogeza upande wa mlango, kwenye hewa.